Jinsi ya kuisoma fulana hadi ilikotoka

Tafuta fulana moja ambayo hutajuta kuifumua. Nasema fulana kwa sababu karibu kila mtu anayo, ina vipande vichache, na pamoja na udogo wake imepita kwenye mikono mingi sana. Mimi ni fundi wa kurekebisha nguo: napunguza viuno, nabadilisha zipu, nageuza kola zilizochakaa. Kazi hii hunilazimu kuzitazama nguo kwa ndani, upande ambao mwenyewe hautazami, na huko ndani ndiko habari zilikolala. Nimefumua mishono ya watu nisiowajua kwa miaka mingi, na kadiri ninavyofumua ndivyo ninavyotaka kuwajua. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia, na ndio ninaowapitisha wanafunzi wangu wa cherehani kabla sijawakabidhi mkasi mkubwa.

Vifaa ni vichache: mkasi wa kukatia nyuzi, kifumulio cha mishono, rula, mizani ndogo inayosoma hadi sehemu za gramu, kibiriti, kibanio cha chuma na lenzi ya kukuzia. Kamera ya simu ikisogezwa karibu itashika nafasi ya lenzi. Kisha daftari. Gawa kila ukurasa sehemu mbili: kushoto andika yale nguo yenyewe inayoyathibitisha, kulia yale unayoyakisia. Usiyachanganye hata kidogo. Biashara ya nguo imejaa watu wanaoandika makisio yao upande wa kushoto.

Lebo ya ubavuni kwanza

Lebo ya shingoni ni tangazo: jina la chapa na saizi. Yenye habari imefichwa ubavuni, imeshonwa pamoja na mshono wa pembeni karibu na pindo. Mara nyingi ni vipande viwili vitatu vilivyopandana, na watu wengi huikata kwa sababu inawasha ngozi. Niliyoiweka mezani sasa ni fulana ya kijivu ya mikono mifupi. Inasema "Made in Bangladesh", pamba asilimia 60, poliesta asilimia 40, kisha alama za kufulia, herufi RN na namba, halafu msururu wa herufi na tarakimu ambao haukuandikwa kwa ajili ya mnunuzi.

Nchi iliyotajwa ndiyo inayowapoteza wengi. Kwa kanuni za forodha za Marekani, nguo nyingi za kukatwa na kushonwa huhesabiwa kuwa za nchi ambako vipande viliunganishwa. Pamba inaweza kuwa ililimwa Brazili, ikasokotwa uzi India, na lebo isiitaje hata moja kati ya nchi hizo. Sweta linalofumwa moja kwa moja katika umbo lake lina kanuni nyingine: huhesabiwa la nchi lilikofumwa. Umoja wa Ulaya haulazimishi kabisa kutaja nchi. Kanuni yake namba 1007 ya mwaka 2011 inadai aina za nyuzi na asilimia zake. Kwa hiyo unaweza kukuta nguo iliyouzwa Ulaya ikiwa na maelezo kwa lugha chungu nzima na isiwe na nchi hata moja. Kwa fulana yangu, naandika kushoto kwamba ilishonwa Bangladesh, basi. Yaliyotangulia kushonwa bado siyajui, na ndiyo mengi.

Ukiona RN ikifuatwa na tarakimu, umepata mlango. Hiyo ni namba ambayo Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani huzipa kampuni za nchini humo zinazotengeneza, kuagiza au kuuza nguo, ili ziweze kuweka namba badala ya jina. Tume ina hifadhidata ya wazi mtandaoni: unaingiza namba, unapata jina la kisheria la kampuni. Kanada ina mfumo wake unaoanza na CA. Jina utakalolipata huenda lisifanane na lililoandikwa kifuani, kwa sababu kampuni moja inaweza kumiliki chapa kadhaa zinazoonekana dukani kama wapinzani. Liandike kushoto.

Ule msururu wa mwisho kwa kawaida ndio wenye mtindo, oda na msimu, na mara nyingine namba ya kiwanda. Nje ya kampuni hauna ufunguo, lakini unakili ulivyo, bila kuruka tarakimu. Utauhitaji mbele.

Na kuhusu bakodi kwenye kikaratasi cha bei: watu hufundishana kwamba tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha nchi ilikotengenezwa bidhaa. Si kweli. Zinaonyesha tawi la GS1, shirika la kimataifa la namba za bakodi, lililotoa namba kwa kampuni. Kampuni iliyosajiliwa Ujerumani itaweka tarakimu za Ujerumani kwenye shati lililoshonwa Vietnam.

Choma uzi mmoja

Vuta nyuzi chache kutoka ndani ya mshono, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya chuma, weka kikombe cha maji karibu, kisha washa. Pamba huwaka haraka kwa mwali wa njano, hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka kwa moshi mweusi na kuacha tone gumu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Mchanganyiko kama wa fulana yangu huwaka kama pamba, lakini ukiliponda jivu kwa vidole vyako linapopoa unakuta punje ngumu ndani yake. Ndiyo ile asilimia 40.

Asilimia hizo hazikuamuliwa na mbunifu peke yake. Forodha huipanga nguo kwa nyuzi zilizozidi kwa uzito. Fulana yenye pamba zaidi ya nusu inaingia Marekani kwa ushuru wa kawaida wa asilimia 16.5, ikizidi poliesta ushuru huo ni asilimia 32, kabla ya nyongeza zozote za kisiasa. Mtu anayepanga kitambaa cha asilimia 60 kwa 40 anajua vizuri kwa nini 60 iko upande wa pamba. Siku nilipoelewa jambo hili nilianza kuzisoma lebo upya, maana nilikuwa nadhani zinaongelea starehe ya mwili tu.

Sehemu ya poliesta ilianzia kwenye kisima cha mafuta. Poliesta ya nguo ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, na leo ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani, sehemu kubwa nchini China. Mafuta huchujwa, kemikali zake hugeuzwa chembe za plastiki, chembe huyeyushwa na kukamuliwa kupitia vitundu vyembamba. Kila ukiambiwa bei ya mafuta imepanda, kumbuka kwamba hata fulana imo humo.

Pamba ina njia ndefu zaidi, na hapa nataka ukae nami kidogo.

Mkulima anauza pamba mbegu. Kiwanda cha kuchambua hutenga mbegu na pamba nyuzi. Mbegu ndiyo nzito, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito uliovunwa haiwi nguo kamwe, inakwenda kukamuliwa mafuta na kuwa chakula cha mifugo. Pamba nyuzi hushindiliwa kuwa robota. Robota la kawaida la Marekani lina uzito wa ratili 480, karibu kilo 218, na kila moja lina namba yake ya kudumu na vipimo vyake: urefu wa nyuzi, uimara, unene, weupe. Mpaka hapo pamba inajulikana ilikotoka kwa usahihi wa kushangaza. Halafu inafika kwenye kiwanda cha kusokota uzi, na habari zinakatika.

Zinakatika kwa sababu ya kiufundi kabisa. Msokotaji hawezi kutumia robota moja moja, kwa sababu uzi ungebadilika unene na rangi kila robota linapokwisha. Anayapanga marobota mengi kwa safu, kutoka mashamba tofauti na mara nyingi nchi tofauti, na mashine inapita juu yake ikinyofoa kidogo kidogo kutoka kila moja. Pamba ya Brazili, ya Marekani, ya Mali na ya India zinaingia kwenye bomba moja. Uzi unaotoka ni mzuri kwa sababu hauna kwao tena.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejali. Kisha ikaja Xinjiang, mkoa wa magharibi mwa China unaotoa zaidi ya asilimia 80 ya pamba ya nchi hiyo, na ushahidi wa Wauyghur, jamii ya Waislamu wa mkoa huo, kulazimishwa kufanya kazi. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 21 Juni 2022 inachukulia kwamba bidhaa yoyote yenye kitu kutoka Xinjiang imetokana na kazi ya kulazimishwa, na ni juu ya mwagizaji kuthibitisha vinginevyo. Ghafla kampuni zilizokuwa zikisema haiwezekani kujua shamba zikaanza kudai karatasi za kila robota, na maabara zikaanza kupima kemia ya nyuzi ili kutambua udongo na maji yaliyoziotesha. Nalisema hili kwa mkazo: kutojua kulikuwa uamuzi. Sheria ilipoligusa kontena bandarini, ujuzi ulipatikana.

Kwa fulana yako wewe, nyumbani, huwezi kuitambua nchi ya pamba kwa macho wala kwa kugusa. Anayekuambia anaweza anakuuzia kitu. Kulia andika nchi zinazowezekana: wazalishaji wakubwa ni China, India, Brazili, Marekani na Pakistani. Bangladesh yenyewe hulima kidogo mno na huagiza karibu pamba yote inayoitumia. Hivyo makisio yako yana mpaka.

Pima uzi

Fulana hutengenezwa kwa vitanzi. Shati na jinzi kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana. Weka lenzi uone: upande wa nje wa fulana kuna safu za herufi V, upande wa ndani kuna matao. Kata ukingo uone kitambaa kinavyojikunja chenyewe. Sasa kata mraba wa sentimita 10 kwa 10 uupime. Gramu utakazopata zidisha kwa 100, huo ni uzito wa mita moja ya mraba. Fulana nyepesi huwa karibu 140 hadi 160, ya kati hufika 180, na ikizidi 200 ujue mtu alikubali kulipia pamba zaidi.

Uzi wa kawaida wa fulana huitwa namba 30 kwa kipimo cha Kiingereza, maana yake gramu moja ya uzi huo ina urefu wa karibu mita 51. Fulana ambayo yote ina uzito wa gramu 150 ina basi zaidi ya kilomita saba na nusu za uzi. Wape wanafunzi hesabu hiyo waifanye wenyewe. Hakuna somo langu jingine linaloleta ukimya kama huo darasani.

Tazama rangi pia. Kijivu cha fulana yangu si rangi moja: chini ya lenzi kuna nyuzi nyeusi na nyeupe zimechanganyika ndani ya uzi uleule. Kwa kawaida hii inamaanisha rangi iliingia kabla ya kusokotwa, nyuzi zilizotiwa rangi zikachanganywa na zisizotiwa. Fulana nyekundu au ya bluu ya rangi moja kwa kawaida hutiwa rangi ikiwa tayari kitambaa, kwenye matangi ya maji moto. Jinzi ina njia yake: mtande peke yake huchovywa mara nyingi kwenye nili, ile rangi ya bluu, nili inabaki juu ya uzi bila kufika kiini, ndiyo maana ukikwaruza jinzi inapauka na ukiitazama kwa ndani ni nyeupe. Nili hiyo karibu yote ni ya viwandani. Kampuni ya Kijerumani ya BASF ilianza kuiuza mwaka 1897, na wakulima wa mnili wa India wakapoteza soko lao.

Kutia rangi ndiko kunakotumia maji, joto na kemikali nyingi, na ndiko kusikotajwa popote kwenye nguo. Lebo inamtaja mshonaji wa mwisho. Msokotaji, mfumaji na mtia rangi wameshika sehemu kubwa ya uharibifu na sehemu kubwa ya ujuzi, nao hawapo. Ukifika hapa acha mistari mitatu mitupu upande wa kushoto wa daftari, umwandikie kila mmoja wao nafasi yake. Utupu huo ni sehemu ya matokeo.

Fumua

Fulana nyingi hushonwa mabega kwanza, kisha shingo, kisha mikono, kisha ubavu pamoja na chini ya mkono kwa mshono mmoja mrefu, na mwisho mapindo. Fumua kinyumenyume. Ubavuni utakuta ovaloki ya nyuzi nne, mshono unaounganisha vipande na kufunga ukingo kwa pamoja. Kwenye pindo utaona mistari miwili sambamba juu na msokoto wa vitanzi chini, kazi ya mashine ambayo mafundi wengi huiita flatloki. Begani mara nyingi kuna utepe mwembamba wa kuzuia kitambaa kisinyooke. Hesabu kila hatua uliyoifumua na uiandike, pamoja na ukataji, ushonaji wa lebo, ukataji wa nyuzi zilizoning'inia, ukaguzi, upigaji pasi na ufungaji.

Kila hatua uliyoandika ni mtu mwingine. Kiwandani anayeshona bega hashoni pindo. Anashona bega asubuhi hadi jioni, na kila bega limepewa muda wake kwa dakika na vipande vya dakika. Ukijumlisha muda wa hatua zote unapata namba inayopanga idadi ya watu kwenye laini, yaani safu ya mashine zinazopokezana nguo moja, lengo la kila saa, na bei ambayo mwenye kiwanda anaweza kumtajia mnunuzi. Kama una cherehani, chukua vipande viwili vya kitambaa cha vitanzi, ushone bega moja vizuri huku ukijipima kwa saa. Kisha shona mengine kwa mwendo uleule hadi mgongo ukuambie. Ni zoezi zuri kuliko maelezo yangu.

Tazama pia mabaki. Nikikuta uzi wa rangi nyingine umenaswa ndani ya mshono, naandika kulia kwamba huenda laini hiyo ilikuwa ikishona oda tofauti muda mfupi kabla. Mshono uliopinda kidogo kisha ukanyooshwa unaniambia mtu alikuwa na haraka na bado akajali.

Mshahara wa chini wa mshonaji wa Bangladesh uliwekwa kuwa taka (fedha ya Bangladesh) 12,500 kwa mwezi kuanzia Desemba 2023, baada ya maandamano ambamo vyama vya wafanyakazi vilidai 23,000. Ukitaka kuelewa kwa nini mwenye kiwanda naye hukataa kuongeza, fuata fedha. Mnunuzi wa ng'ambo anatoa oda. Kiwanda kinanunua kitambaa, uzi na vifungo kwa fedha yake au mkopo wa benki, kinashona, kinapakia, ndipo kinaanza kusubiri malipo. Machi 2020 janga la korona lilipofunga maduka, wanunuzi walisimamisha au kufuta oda za Bangladesh zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3, kwa hesabu ya chama cha wenye viwanda nchini humo. Kitambaa kilikuwa kimeshanunuliwa, na nguo nyingine zilikuwa zimeshashonwa. Baadhi ya kampuni zilirudi kulipa baada ya kusemwa hadharani. Hatari yote ilikuwa imekaa upande mmoja wa bahari, na mikataba ndivyo ilivyoandikwa.

Na lebo zina historia nzito kuliko tunavyofikiri. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza huko Savar, nje ya Dhaka, liliporomoka likiwa na viwanda vya nguo ndani, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Siku moja kabla nyufa zilikuwa zimeonekana, na wafanyakazi wakaamriwa kurudi. Baadaye watetezi wa wafanyakazi walipekua kifusi wakitafuta lebo na karatasi za oda, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuthibitisha ni chapa zipi zilizokuwa zikishonewa humo. Ninapomwambia mwanafunzi asiikate lebo ovyo, hilo ndilo ninalolifikiria.

Tafuta namba ya forodha

Kila bidhaa inayovuka mpaka ina msimbo katika mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988. Nguo za vitanzi ziko sura ya 61, za mtande na mshindio sura ya 62. Fulana ni 6109. Suruali ya pamba ya kiume isiyo ya vitanzi, jinzi ikiwemo, ni 6203.42. Nguo zilizovaliwa ni 6309. Ukishajua msimbo, fungua hifadhidata ya Umoja wa Mataifa iitwayo Comtrade, chagua nchi na mwaka, uone nani anamuuzia nani. Linganisha tarakimu za muuzaji na za mnunuzi. Mara nyingi hazilingani, kwa sababu ya muda wa meli, gharama za usafiri na udanganyifu.

Misimbo hii imezihamisha mashine za kushona kuliko kitu kingine ninachokijua. Kuanzia 1974 nchi tajiri ziliweka mgawo wa nguo ambazo kila nchi maskini ingeruhusiwa kuziuzia. Korea Kusini ilipobanwa na mgawo wake, kampuni ya Daewoo ilishirikiana mwaka 1979 na kampuni mpya ya Bangladesh, Desh, ikawapeleka wafanyakazi 130 Korea kujifunza kushona na kusimamia viwanda. Bangladesh haikuwa imebanwa na mgawo. Wengi wa wale 130 walirudi, wakaondoka Desh, wakaanzisha au kuendesha viwanda vyao. Leo nchi hiyo ni kati ya wauzaji wakubwa wa nguo duniani nyuma ya China. Mgawo wenyewe ulifutwa tarehe 1 Januari 2005, lakini watu walikuwa wameshajifunza kazi.

Ushuru ukafuata njia hiyohiyo. Tangu 2011 Umoja wa Ulaya unaziruhusu nchi zenye maendeleo duni kuingiza nguo bila ushuru hata kama kitambaa kilitoka kwingine, mradi kushona kumefanyika kwao. Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 ilitoa nafasi kama hiyo kwa nchi nyingi za Afrika, na Lesotho ikajaa viwanda vilivyoshona jinzi na fulana kwa soko la Marekani, kwa sehemu kubwa kwa kitambaa kutoka Asia. Kwa hiyo ukikuta nchi usiyoitarajia kwenye lebo, kabla ya kukisia kwamba kuna pamba huko, tafuta mkataba wa ushuru. Utaupata karibu kila mara.

Usafiri hautakuchukua muda. Tangu Malcom McLean, Mmarekani mfanyabiashara wa usafirishaji, alipopakia makontena 58 kwenye meli Ideal-X mwaka 1956, gharama ya kuisafirisha fulana moja baharini imekuwa ndogo kiasi kwamba umbali si kizuizi tena. Nguo za Bangladesh hutoka bandari ya Chattogram kwa meli ndogo hadi Colombo au Singapore, zikahamishiwa meli kubwa. Andika njia hiyo kulia.

Iwapo ilishavaliwa kabla yako

Nguo ya mtumba ina ukurasa wa pili. Tafuta kitundu kidogo cha bunduki ya plastiki iliyoning'iniza bei, namba ya dobi kwa wino, jina la mtoto lililoshonwa na mzazi. Lebo iliyokatwa katikati kwa mkasi mara nyingi ni ya nguo iliyokataliwa kiwandani au kuzidi oda, ikakatwa isije ikauzwa kama mpya.

Nguo zinazotolewa sadaka Ulaya na Amerika sehemu kubwa hazivaliwi zilikotolewa. Huuzwa kwa uzito kwa wachambuzi, na vituo vikubwa vya uchambuzi vipo Falme za Kiarabu, Pakistani na India, ambako hutengwa kwa aina na gredi kisha hufungwa marobota. Zisizovalika hupelekwa sehemu kama Panipat, India, zikachanwa kuwa nyuzi za blanketi. Nyingine huishia kwenye soko la Kantamanto jijini Accra, ambako wanawake hubeba marobota kichwani na mnunuzi hafungui robota kabla ya kulilipia. Nyingine zimetupwa kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, karibu na bandari huru ya Iquique.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana mwaka 2016 kuachana na mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, nchi nyingine zikalegeza, na Rwanda iliposhikilia ushuru wake Marekani ikaisimamishia manufaa ya AGOA kwa nguo mwaka 2018. Nawaheshimu wauza mitumba. Wengi wanasomesha watoto kwa kazi hiyo na wanazijua nyuzi kuliko wabunifu. Lakini nchi kuadhibiwa kwa kukataa nguo zilizoachwa na wengine, hilo nimeshindwa kulikubali.

Waandikie

Sasa una jina la kisheria la kampuni, msururu wa lebo, aina za nyuzi, uzito wa kitambaa, hatua za ushonaji, na ile mistari mitatu mitupu. Andika barua fupi kwa idara ya huduma kwa wateja, unakili ule msururu wote, kisha uliza: fulana hii ilishonwa kiwanda gani na kiko anwani gani? Kitambaa kilifumwa na kutiwa rangi wapi? Nani alisokota uzi? Pamba ni ya nchi gani, na mna karatasi za marobota? Mlikilipa kiwanda baada ya siku ngapi tangu nguo zipakiwe?

Swali la mwisho usiliache. La kwanza hujibiwa siku hizi, kwa kuwa kampuni nyingi huchapisha orodha za viwanda vya kushonea. Nike ilianza mwaka 2005. La pili na la tatu hujibiwa mara chache. La mwisho ndilo linalokuonyesha kama anayejibu amewahi kufikiria watu walio upande wa pili wa oda. Jibu zuri lina majina na anwani. Jibu lenye maneno kama kujitolea, safari na uwajibikaji bila jina la kiwanda hata kimoja ni sawa na kutojibiwa. Andika kushoto "hawakutaja", weka tarehe, uwaandikie tena ukiuliza jambo moja tu.

Ukipata jina la kiwanda, litafute kwenye Open Supply Hub, ramani ya wazi ya viwanda duniani, ambako utaona na kampuni nyingine zinazodai kushonewa hapohapo. Linganisha anwani herufi kwa herufi, maana kiwanda kimoja huandikwa kwa tahajia kadhaa. Hifadhi nakala ya ukurasa pamoja na tarehe uliyoufungua, kwa sababu orodha hizi hubadilishwa, na kiwanda kilichokuwepo msimu huu kinaweza kutokuwepo msimu ujao bila neno lolote la maelezo.